Gama iliyojificha ndani ya κράζω

Anayeanza Kigiriki cha Agano Jipya hukutana na kitenzi κράζω (krazo) mapema. Kimo katika orodha ya maneno yanayotokea mara 50 au zaidi, maneno mia tatu na ushei ambayo mwanafunzi hutakiwa ayashike kwanza. Kadi huandikwa upande mmoja κράζω, upande wa pili "kulia, kupiga kelele", ikatiwa mfukoni. Kisha mwanafunzi anafungua Injili ya Yohana. Kwenye 1:15 anakuta κέκραγεν (kekragen), kwenye 7:37 anakuta ἔκραξεν (ekraksen), na kadi yake haimsaidii kitu. Zeta (ζ) aliyoikariri haipo. Mahali pake kuna gama (γ) huku na ksi (ξ) kule.

Kosa lilifanyika siku ya kuandika kadi. Kilichokaririwa ni umbo la wakati uliopo, na katika kitenzi hiki hilo ndilo umbo linaloficha mengi kuliko yote. Shina lenyewe ni κραγ- (krag), nayo γ ndiyo ya kushika. Ukiishika, maumbo yote yanajipanga. Usipoishika, kila umbo litakuwa neno jipya la kukariri.

Msemaji wa Kiswahili ana mtaji hapa ambao vitabu vilivyotungwa Ulaya havimwambii. Anayelinda ni mlinzi, apendwaye ni mpenzi. Anayejenga ni mjenzi, anayetunga ni mtunzi. D ya linda na penda imegeuka z, na g ya jenga na tunga imegeuka z ile ile. Aliyeigeuza ni ile i ya mwisho. Mpe mgeni neno "mtunzi" peke yake, hatajua kama kitenzi chake ni tunda au tunga mpaka akisikie kitenzi chenyewe. Kigiriki kilipitia jambo la namna hiyo zamani za kale. Wakati uliopo wa vitenzi vingi ulijengwa kwa kuongeza sauti y baada ya shina, na sauti hiyo ni ndugu wa karibu wa i. Iliposukumana na γ ikazaliwa ζ, na iliposukumana na δ (delta) ikazaliwa ζ hiyo hiyo. Kwa hiyo κράζω imetoka kwenye κραγ-, na ἐλπίζω (elpizo, natumaini) imetoka kwenye ἐλπιδ-, lakini ukizitazama usoni zinafanana kama mlinzi na mjenzi.

Nyakati nyingine hazina ile y, kwa hiyo konsonanti ya asili hurudi. Katika wakati ujao na katika aoristi (wakati uliopita unaolitazama tendo kama tukio moja lililokwisha) huja σ (sigma). Gama ikikutana na σ huwa ξ: κράξω (krakso), ἔκραξα (ekraksa). Delta ikikutana na σ humezwa kabisa: aoristi ni ἤλπισα (elpisa). Katika perfekti (umbo la tendo lililotimia ambalo matokeo yake bado yapo) ya kitenzi chetu hakuna kitu cha kuigusa gama, basi inasimama wazi: κέκραγα (kekraga). Ile κε- ya mbele ni konsonanti ya kwanza iliyorudiwa, alama ya kawaida ya perfekti. Perfekti nyingi huwa na κ mwishoni mwa shina, kama λέλυκα, na anayezitazamia zote ziwe hivyo atapita juu ya κέκραγα bila kuitambua.

Vitenzi vya sauti vina tabia ya kuwa upande wa gama. Ἀλαλάζω (alalazo), kupiga ukelele wa vita au wa shangwe, huzaa ἀλαλάξω. Ὀλολύζω (ololuzo), kupiga yowe, huzaa ὀλολύξω. Στενάζω (stenazo), kupiga kite au kuugua, huzaa ἐστέναξεν, neno analotumia Marko 7:34 pale Yesu anapotazama mbinguni mbele ya yule kiziwi. Wengi wa vitenzi hivi vilianza kama mwigo wa sauti yenyewe, na koo ikitoa sauti kali mara nyingi hukatikia kule nyuma ya ulimi, mahali pa g na k. Naona hii ni njia njema ya kukumbuka, ingawa si kanuni ya sarufi.

Kipimo chenye uhakika zaidi ni nomino. Tafuta nomino iliyotokana na kitenzi uone inaishia -γμός au -σμός. Ἀλαλαγμός, ὀλολυγμός, στεναγμός zote zina γ, basi tarajia ξ. Γογγύζω (gonguzo), kunung'unika, nomino yake ni γογγυσμός, basi tarajia σ, na kweli aoristi ni ἐγόγγυσαν. Kipimo hiki kinadanganya mara chache, na ni afadhali kuzijua mapema. Ἁρπάζω, kunyakua, ina nomino ἁρπαγμός yenye γ, lakini aoristi yake ya kawaida ni ἥρπασα. Na mtego mkubwa umo ndani ya ukoo wenyewe wa κράζω: kuna nomino κραυγή (krauge), ukelele, na kutoka kwayo kitenzi kingine, κραυγάζω (kraugazo). Gama unaiona kwa macho, lakini haipo mwishoni mwa shina. Mwisho ni -άζω, tamati ya kutengenezea vitenzi, nayo hufuata njia ya σ. Ndiyo sababu mbele ya kaburi la Lazaro, Yohana 11:43, imeandikwa ἐκραύγασεν. Yohana anakipenda kitenzi hiki kuliko wenzake. Umati wake kwenye 19:6 na 19:15 hutumia ἐκραύγασαν pale ambapo Marko ana ἔκραξαν. Anayesoma Injili hizo mbili kwa juma moja huishia kuandika "ἐκραύγαξαν", umbo ambalo halipo.

Basi kadi iandikwe upya. Juu kabisa weka κραγ-, kwa herufi kubwa. Chini yake weka maumbo manne: κράζω, κράξω, ἔκραξα, κέκραγα. Vitenzi vya Kigiriki hupewa nafasi sita za maumbo ya msingi. Hiki hujaza nne tu, kwa kuwa nafasi mbili za mwisho ni za kutendwa na hakuna anayezihitaji kwa kupiga kelele. Upande wa pili usiandike tafsiri. Andika mahali: Warumi 8:15 kwa κράζομεν, Luka 19:40 kwa κράξουσιν, Yohana 7:37 kwa ἔκραξεν, Yohana 1:15 kwa κέκραγεν. Kila umbo sasa lina mwenye kulitamka: waamini, mawe, Yesu siku ya mwisho ya sikukuu, Yohana Mbatizaji. Tamka kila moja kwa sauti mara tano, tena kwa sauti ya kweli, maana kitenzi cha kelele kinachosomwa kwa mnong'ono hakishiki. Rudia kesho, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya juma. Ukikwama kwenye umbo lolote, usitazame umbo lenyewe. Tazama κραγ- pale juu, ulijenge mwenyewe.

Wakati wa kutafuta kwenye kamusi, makosa ni yale yale kila mwaka. La kwanza ni kutafuta ἔκραξεν chini ya herufi ε. Ile ε ni alama ya wakati uliopita tu. Iondoe, rudisha ξ iwe γ, kisha uliza wakati uliopo ni upi. Κράζω utaikuta baada ya κράβαττος, kitanda cha kubebea kama cha yule mwenye kupooza, na kabla ya κραιπάλη, mambo ya ulevi. La pili ni kuichanganya na majirani wanaoanza vile vile: κρατέω (kushika) inatoa ἐκράτησα, κρίνω (kuhukumu) inatoa ἔκρινα, κρύπτω (kuficha) inatoa ἔκρυψα. Penye ξ mara baada ya κρα-, ni κράζω. La tatu linawapata hata wazoefu. Kitenzi kinapotanguliwa na ἀνα- ya kuzidisha nguvu, alama ya wakati uliopita hukaa katikati: ἀνέκραξεν, Marko 1:23, mtu mwenye pepo ndani ya sinagogi. Toa ἀν-, toa ε, ndipo shina linaonekana.

Na kuna Luka 23:18, ἀνέκραγον (anekragon). Mwisho -ον unamfanya msomaji aseme ni imperfekti, "walikuwa wakipiga kelele". Sivyo. Imperfekti hujengwa juu ya shina la wakati uliopo, lenye zeta, ingekuwa ἀνέκραζον. Hapa kuna gama tupu, kwa hiyo ni aoristi ya pili, aoristi ya zamani isiyo na σ: "wakapiga kelele wote pamoja". Herufi moja inabadilisha namna ya kulitazama tendo.

Tofauti hiyo ya aoristi na imperfekti Kiswahili huibeba vizuri kuliko lugha nyingi zinazotumiwa kufundishia. Ἔκραξαν ni "wakapiga kelele", tukio limehesabiwa limekwisha. Ἔκραζον ni "walikuwa wakipiga kelele", au "wakawa wanapiga kelele". Linganisha kilele cha kesi mbele ya Pilato. Marko 15:14 ana περισσῶς ἔκραξαν, Mathayo 27:23 ana περισσῶς ἔκραζον. Neno la mbele ni lile lile, "kwa kuzidi", na tofauti ni ξ na ζ tu. Marko anapiga picha moja. Mathayo anaacha kelele ziendelee huku Pilato akiona hafanikiwi kitu. Na ukitaka -ki- yetu halisi, soma Marko 5:5 juu ya mtu aliyekaa makaburini: ἦν κράζων, neno kwa neno "alikuwa akipiga kelele", usiku na mchana.

Sasa maana, na hapa lile neno "kulia" kwenye kadi linafanya madhara. Warumi 8:15 katika Biblia ya Kiswahili ya Union husema "twalia, Aba, yaani, Baba". Msikilizaji wa Kiswahili huona machozi. Wahubiri hujenga hotuba nzima juu ya machozi hayo. Kigiriki kina kitenzi chake cha machozi, κλαίω (klaio), na Paulo hakukitumia hapa. Κράζομεν ni sauti inayotoka kwa nguvu, ya mtoto anayemwita baba yake na hajali nani anasikia. "Twalia" si kosa, maana Kiswahili cha zamani hutumia lia kwa sauti ya kila aina, na hata leo kengele hulia bila chozi. Lakini sikio la leo limeegemea kwenye kilio, na mwalimu asipolisema hilo darasani, mwanafunzi atatoka na κλαίω moyoni akidhani amejifunza κράζω.

Biblia hiyo hiyo, na ni haki kabisa, hukitafsiri kitenzi hiki kwa njia nyingi. Mawe ya Luka 19:40 "yatapiga kelele". Baba wa kijana mwenye pepo, Marko 9:24, "akapaza sauti". Kiswahili ni tajiri mno katika eneo hili kiasi kwamba hakiwezi kuridhika na neno moja: mtu hupiga ukunga akiomba msaada, hupiga mayowe akiona mwizi, huguta, hupaza sauti, hupiga kite. Κράζω inaweza kusimama mahali pa karibu hayo yote, kwa sababu inataja koo kufunguka kwa nguvu, na sababu yake inatolewa na sentensi: hofu kwa wanafunzi ziwani (Mathayo 14:26), uchungu wa kuzaa kwa yule mwanamke wa Ufunuo 12:2, hasira ya umati. Yakobo 5:4 huwapa sauti hata ujira wa wavunaji uliozuiliwa.

Mahali pazuri pa kukiona kikifanya kazi ni Marko 10:46-52, mistari saba. Bartimayo ameketi kando ya njia. Mstari wa 47: ἤρξατο κράζειν, alianza kupaza sauti. Wengi wanamkemea anyamaze. Mstari wa 48: ὁ δὲ πολλῷ μᾶλλον ἔκραζεν, naye akazidi sana, tena ni imperfekti, hakatizi. Kisha mstari wa 49 kitenzi kinabadilika. Yesu anasimama na kusema φωνήσατε αὐτόν (fonesate auton), mwiteni. Wakamwita, φωνοῦσιν. Wakamwambia anakuita, φωνεῖ. Mara mbili κράζω kutoka kwa kipofu, mara tatu φωνέω ya kumjibu, na hiyo φωνέω ni sauti ya mwito, yenye mwelekeo na jina la mtu. (Ni kitenzi hicho hicho kinachotumika jogoo anapowika kwa Petro, nasi tuna "wika" kwa ajili yake.) Soma mistari hiyo saba kwa sauti mbili tofauti, moja ya κράζω na moja ya φωνέω, na hutasahau tena ipi ni ipi. Ukimaliza, fungua Luka 18:38-39. Pale Luka anaanza na ἐβόησεν, kutoka βοάω, ndipo anapanda hadi ἔκραζεν. Βοάω ni kupaza sauti yenye ujumbe, kama "sauti ya mtu aliaye nyikani". Mipaka yao huingiliana, usiichore kwa rula, lakini katika mistari hiyo miwili kupanda kwa sauti kunasikika.

Ndugu wawili wa κράζω wanahitaji uangalifu wa namna yake. Ὀλολύζω katika Agano Jipya hutokea mara moja, Yakobo 5:1, na "mkapige yowe" ndiyo tafsiri inayofaa. Lakini katika Iliadi, utenzi wa kale wa Homeri, kitabu cha 6, wanawake wa Troya wanamwinulia Athena mikono kwa ὀλολυγή, na pale si yowe la msiba. Ni ukelele wa juu wa wanawake katika ibada. Sisi tuna vigelegele, na sioni neno la Ulaya linalokaribia hivyo. Herodoto, mwanahistoria wa Kigiriki wa kale, kitabu cha 4, sura ya 189, anasema anavyoona yeye ukelele huo wa ibada ulianzia Libya, yaani Afrika ya kaskazini, kwa kuwa wanawake wa huko waliufanya vizuri sana. Kwa hiyo kabla ya kutafsiri, uliza nani anapiga na kwa nini. Ukiweka vigelegele katika Yakobo 5:1 umewafanya matajiri washangilie maangamizi yao. Ἀλαλάζω nayo inageuka hivyo hivyo. Zaburi ya 100 (ya 99 katika Septuaginta, tafsiri ya kale ya Kigiriki ya Agano la Kale) inaanza na ἀλαλάξατε, "mfanyieni shangwe". Marko 5:38 ni vilio vya matanga nyumbani kwa Yairo. Na 1 Wakorintho 13:1 ni upatu "uvumao".

Zimebaki pembe mbili nje ya Agano Jipya, na zote mbili zinasaidia ndani yake. Katika Kigiriki cha Athene, perfekti κέκραγα ilitumika kwa maana ya sasa, "napiga kelele", kuliko κράζω yenyewe, na ndiyo maana κέκραγεν ya Yohana 1:15 husomwa vyema kama sauti inayosikika bado. Wakati ujao nao ulijengwa juu yake: vyura wa Aristophanes, mtunzi wa vichekesho wa Athene, katika tamthilia ya mwaka 405 KK, huapa κεκραξόμεσθα, tutapiga kelele. Nakala nyingi za kale zilizoandikwa kwa mkono za Luka 19:40 zina κεκράξονται badala ya κράξουσιν, na anayelijua jambo hili hatashtuka wala kudhani ni perfekti. Septuaginta ilikwenda hatua moja zaidi ikatengeneza aoristi yenye kurudiwa, ἐκέκραξα. Zaburi ya 141 (140 kwa hesabu yao) huanza Κύριε, ἐκέκραξα πρὸς σέ, "Ee Bwana, nimekuita", na Waorthodoksi huiimba katika sala ya jioni, wakiwemo wa Kenya, Uganda na Tanzania. Aliyekulia katika ibada hiyo amekuwa na umbo gumu kuliko yote masikioni tangu utoto. Kigiriki cha leo kinatumia φωνάζω kwa kupiga kelele, na κράζω imebaki kwa kunguru na kwa kumzomea mtu.

Zoezi la mwisho ni Matendo 19, ghasia za Efeso, katika ukumbi wa michezo ambao magofu yake yapo karibu na Selçuk, Uturuki. Soma kuanzia mstari wa 28 ukiwa na penseli, uzungushie kila umbo la κραγ-. Mstari wa 28, ἔκραζον: "Artemi wa Waefeso ni mkuu". Mstari wa 32, ἔκραζον tena, hawa neno hili na hawa neno lile. Mstari wa 34, sauti moja ya watu wote kwa muda wa kama saa mbili. Angalia kila mara kwa nini ni zeta, na ksi ingebadilisha nini. Mstari wa 35 karani wa mji anawatuliza, na kitenzi hiki hakionekani tena mpaka sura inakwisha.